Haraka na Siri: Kosa la Padre Laurence katika Tamthilia ya Romeo and Juliet

Utangulizi

Jioni moja nilikuwa Magindu, wilayani Kibaha, pamoja na wanafunzi wachache wa chuo waliokuwa katika mafunzo ya vitendo. Baada ya somo la Biblia, mmoja wao aliwasimulia vijana habari ya tamthilia ya William Shakespeare iitwayo Romeo and Juliet. Aliisimulia vizuri, na mwisho akatoa fundisho ambalo wengi wetu tulilipata shuleni: wapendanao wale waliangamia kwa pupa yao, basi nanyi vijana jihadharini na pupa. Vijana wakaitikia. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akauliza, "Mjomba wake yule binti alikuwa wapi?"

Vijana wakacheka, na mwanafunzi wetu akakosa jibu. Lakini swali lile halikuwa la mzaha. Wazaramo na Wakwere, wenyeji wa nchi ile, kwa desturi yao ya zamani huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti katika shauri la ndoa ya mpwa wake. Mzee yule alitaka kujua ni nani kati ya watu wazima aliyekuwa na wajibu wa kusema neno, naye hakulisema. Nimelibeba swali hilo tangu siku ile, nalo limenifanya niisome tamthilia upya.

Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba pupa inayoua katika tamthilia hii si ya vijana peke yao, wala si yao hasa. Ni pupa ya watu wazima, na zaidi ya wote ni pupa ya mchungaji wa roho, Padre Laurence. Tena nitaonyesha kwamba pupa hiyo ilipata nguvu kwa sababu ilifichwa. Naandika kwa ajili ya wachungaji na wanafunzi wa theolojia, kwa kuwa nadhani tamthilia hii inatuhusu sisi kabla haijawahusu vijana wa sharika zetu.

Siku zisizotimia tano

Wasomaji wa Kiswahili si wageni kwa Shakespeare. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikatoka mwaka 1969. Samuel Mushi alitupatia Makbeth na Tufani katika miaka hiyo hiyo. Wala mgongano wa wazee na vijana juu ya mapenzi si jambo geni katika tamthilia zetu wenyewe. Ebrahim Hussein aliushughulikia katika Wakati Ukuta, iliyochapishwa mwaka 1971. Kwa hiyo tunaweza kuisoma Romeo and Juliet, iliyochapishwa kwanza mwaka 1597, kama watu walio nyumbani.

Shakespeare hakuibuni hadithi hii. Aliichukua hasa katika shairi refu la Arthur Brooke lililotolewa Uingereza mwaka 1562. Katika shairi lile mambo huchukua miezi mingi, na Juliet anakaribia umri wa miaka 16. Shakespeare alibadili mambo hayo mawili. Muda aliufupisha ukawa wa siku zisizotimia tano, na umri wa binti akaupunguza. Juliet wake hajatimiza miaka 14. Mabadiliko haya hayakufanywa bila kusudi. Mwandishi alitaka tuione haraka yenyewe, na tuone pia kwamba binti huyu bado ni mtoto, aliye chini ya ulinzi wa watu wazima.

Tuzihesabu siku hizo. Jumapili asubuhi watumishi wa nyumba mbili za Verona, Montague na Capulet, wanapigana barabarani. Siku hiyo Romeo anaugua mapenzi ya msichana mwingine, Rosaline. Usiku anamwona Juliet katika karamu na kumsahau yule wa kwanza. Kabla hakujapambazuka wamekwisha kuahidiana ndoa. Jumatatu mchana wanafunga ndoa ya siri. Muda mfupi baadaye Tybalt, binamu yake Juliet, anamwua Mercutio, rafiki wa Romeo, na Romeo anamwua Tybalt, kisha anahukumiwa kufukuzwa mjini. Jumanne alfajiri anaondoka. Usiku wa siku hiyo Juliet anakunywa dawa ya kumlaza kama maiti, na Jumatano analiliwa na kuzikwa. Alhamisi kabla ya jua kuchomoza, vijana hao wawili wamelala kaburini wakiwa maiti kweli, pamoja na Paris, mchumba aliyechaguliwa na wazazi. Ukimhesabu na mama yake Romeo, aliyekufa kwa huzuni usiku ule, watu 6 wamekufa.

Hatukatai kwamba vijana walikuwa na pupa. Romeo ni mtu wa kutenda kwanza na kufikiri baadaye. Hata anapoletewa habari ya kifo cha mkewe, anamwuliza mtumishi wake kama amebeba barua yoyote ya Padre. Anapoambiwa kwamba hakuna, hangoji, bali anakwenda kutafuta sumu. Lakini tusimwonee Juliet. Katika mazungumzo yao ya usiku wa kwanza ni yeye anayesema kwamba agano lao ni la ghafula mno. Mtoto wa miaka 13 aliiona hatari. Alichokosa ni mtu mzima wa kumshika mkono na kumwambia, "Umeona vema, mwanangu, tungoje."

Pupa ya wazee

Watu wazima wa Verona ni wepesi wa hasira kuliko watoto wao. Mwanzo kabisa wa tamthilia, wakati vijana wanapopigana, Mzee Capulet na Mzee Montague wanatoka wakitaka kujiunga na vita, na wake zao wanawazuia. Basi Tybalt hakujifunza upanga peke yake; alilelewa katika nyumba ambamo mzee mwenyewe huita silaha.

Mfikirie zaidi Capulet. Siku ya Jumapili, Paris anapomposa Juliet, baba huyu anajibu kwa busara: binti bado mdogo, na ipite miaka miwili, tena Paris atafute kwanza moyo wa binti mwenyewe. Mzee yeyote wa Pwani angemkubali baba wa namna hiyo. Lakini Jumatatu usiku, siku moja tu baadaye, huku nyumba ina msiba wa Tybalt, anatoa ahadi kwamba Juliet ataolewa Alhamisi, bila kumwuliza binti neno. Juliet anapokataa, baba anamtukana na kutishia kumfukuza afe njaa barabarani. Kisha anaisogeza harusi mbele hadi Jumatano. Hapo namkumbuka Yeftha katika Waamuzi sura ya 11, aliyefungua kinywa chake kwa haraka mbele ya Bwana, na aliyelipa nadhiri ile akawa binti yake. Neno la haraka la baba hulipwa na mtoto.

Mama naye anakataa kusema na binti yake. Yaya, aliyemnyonyesha Juliet na kuwa mjumbe wa mapenzi yake, anamshauri aolewe na Paris kana kwamba ndoa ya kwanza haikuwapo. Na mjomba aliyeulizwa pale Magindu? Tamthilia inatuambia kwamba Tybalt ni mtoto wa kaka yake Bibi Capulet. Basi mjomba yupo katika ukoo, lakini hatokei jukwaani wala hasemi neno. Milango yote ya nyumba imefungwa. Unabaki mlango mmoja, nao ni wa kanisa.

Mshenga asiyetumwa

Padre Laurence, mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko, ndiye mtu mwema kuliko wote katika tamthilia hii. Jambo hili lazima lisemwe kwanza, maana Brooke, katika utangulizi wa shairi lake, aliwalaumu watawa kwa ushirikina na kuwalaumu vijana kwa tamaa na kutotii. Msomaji wa Kilutheri anaweza kushawishika kuifuata hukumu hiyo kwa sababu inampendeza. Shakespeare hakuifuata. Padre wake ni mtu wa sala na wa elimu, ajuaye majani ya porini na kwamba jani moja lina dawa na sumu ndani yake. Vijana wanamwamini. Kama angekuwa mwovu, sisi wachungaji tusingekuwa na la kujifunza kwake.

Padre huyu huhubiri utaratibu. Romeo anapomjia Jumatatu asubuhi akitaka ndoa siku hiyo hiyo, anamkemea kwa kumsahau Rosaline upesi, na anamfundisha jambo lile lile wanalosema wahenga wetu: mwenda pole hajikwai. Lakini katika mazungumzo hayo hayo anakubali kuwaoza siku ile ile! Kwa nini? Kwa sababu ameona faida. Anatumaini kwamba ndoa hii itageuza uadui wa nyumba mbili kuwa upendo.

Tumaini lenyewe ni jema. Mpatanishi yeyote angelitamani. Lakini tuangalie alichokifanya. Kwetu mshenga hutumwa. Hutoka upande mmoja na kupokelewa upande wa pili. Hubeba posa, hurudi na jibu, na kila hatua yake inajulikana na pande zote mbili. Hatua zile tunazoziona kuwa ni za kupoteza wakati ndizo zinazompa kila mtu nafasi ya kusema neno lake. Padre Laurence alijifanya mshenga wa nyumba mbili bila kutumwa na hata moja. Alitaka matunda ya upatanisho bila kazi ya upatanisho. Hakwenda kwa Capulet, hakwenda kwa Montague. Alichukua watoto wawili na kuwafanya daraja, akaficha daraja lenyewe, kisha akatumaini watu watavuka.

Baada ya hapo kila haraka inazaa siri na kila siri inadai haraka nyingine. Romeo anakataa kupigana na Tybalt kwa kuwa sasa ni jamaa yake, lakini hawezi kusema kwa nini, na ukimya wake unaonekana kuwa ni woga. Mercutio anapigana kwa ajili ya rafiki asiyemwelewa, akafa bila kujua sababu. Laiti ndoa ile ingejulikana mjini, upanga wa Mercutio ungekuwa na sababu ya kubaki alani. Kisha Juliet anapolazimishwa kuolewa na Paris, Padre angeweza kwenda kwa baba yake na kusema neno moja: binti huyu ni mke wa mtu, na mimi ndiye niliyewafungisha ndoa. Neno hilo lingemgharimu sana, pengine utumishi wake. Badala yake alimpa mtoto dawa ya kumfanya maiti.

Ndugu zangu watumishi, tukio linaloniumiza kuliko yote halitajwi sana na wahakiki. Jumatano asubuhi nyumba ya Capulet inalia, na Padre Laurence anafika. Anasimama mbele ya baba na mama wenye uchungu, anawakemea kwa kuzidisha kilio, na kuwafariji kwamba binti yao yuko mbinguni. Anajua kwamba binti yu hai! Tamko la tumaini la ufufuo, ambalo ndilo neno la mwisho tulilopewa kusema penye jeneza, linatumika kufunika hila. Sijui katika tamthilia nyingine mahubiri ya mazishi yanayotisha kama hayo.

Usiku wa mwisho Padre anakimbilia kaburini, na mwandishi anamfanya alalamike kwamba miguu yake ya kizee imejikwaa mara nyingi penye makaburi. Aliyehubiri kwamba wanaokimbia hujikwaa, sasa anakimbia na kujikwaa. Amechelewa kidogo tu. Romeo amekwisha kufa. Juliet anaamka, na Padre anamwambia kwamba atamweka katika nyumba ya watawa wa kike. Halafu anasikia walinzi wa usiku wakija, anaogopa, anaondoka. Binti wa miaka 13 anabaki peke yake na maiti ya mumewe na kisu. Mlango wa mwisho nao umefungwa.

Je, haikuwa bahati mbaya?

Wako watakaosema kwamba mwandishi mwenyewe, mwanzoni mwa tamthilia, ametaja nyota na ajali. Tena barua ya Padre Laurence haikufika kwa Romeo kwa sababu mtawa aliyeibeba alifungiwa katika nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni. Je, hayo nayo ni kosa la mtu?

Hoja hii ina uzito, wala sitaki kuipuuza. Maradhi hayamwulizi mtu. Lakini shauri jema huacha nafasi ya ajali. Mkulima wa Magindu hapandi akidhani kwamba mvua itanyesha siku aliyoitaka yeye. Mpango wa Padre ulihitaji kila kitu kitokee kwa saa yake, na kwa kuwa ulikuwa siri, hapakuwa na mtu wa kuusahihisha ulipoharibika. Mtumishi wa Romeo alikimbia na habari ya kifo kwa uaminifu kamili, maana hakujua lolote. Wangalikuwapo watu wawili watatu wenye kuijua kweli, barua moja iliyopotea isingaliua mtu. Ajali ilipita katika mlango uliokuwa umekwisha kuachwa wazi na pupa.

Neno la Luther na utaratibu wetu

Sisi tulio katika mapokeo ya Matengenezo tuna neno la kusema hapa. Mwaka 1524 Martin Luther aliandika kwamba wazazi wasiwalazimishe watoto wao kuoa au kuolewa, wala wasiwazuie. Na kwamba watoto nao wasichumbiane pasipo ridhaa ya wazazi. Mwaka 1530, katika maandishi yake juu ya mambo ya ndoa, aliyapinga kwa nguvu maagano ya uchumba ya siri, kwa kuwa aliona jinsi yalivyoumiza dhamiri za watu. Ukiyaweka maneno hayo mbele ya tamthilia, Capulet anahukumiwa kwa la kwanza na Padre Laurence kwa la pili. Wala Kanisa Katoliki halikulala katika jambo hili; Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliamuru ndoa zitangazwe mara tatu na zifungwe mbele ya paroko na mashahidi.

Nchi yetu nayo imelifuata wazo hilo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya ndoa itolewe siku 21 kabla. Sheria hiyo hiyo iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Lakini mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Juliet hakuutimiza hata umri ule mdogo kabisa.

Basi tunaposoma matangazo ya ndoa ibadani, Jumapili baada ya Jumapili, huku waumini wakisinzia, tusidhani tunatimiza desturi tu. Tunatoa nafasi kwa mjomba aliye mbali, kwa shangazi ajuaye jambo, na kwa binti mwenyewe ambaye huenda akabadili nia. Tangazo ni haraka iliyofungwa breki mbele ya watu wote.

Nayasema haya nikijihukumu mwenyewe. Katika mwaka wa pili wa uchungaji wangu, kijana na binti wa familia mbili zilizogombana juu ya mpaka wa shamba walinijia usiku na kunieleza mapenzi yao. Sikuwafungisha ndoa, utaratibu nilikuwa ninaujua. Lakini niliwaahidi kunyamaza, nikitumaini kwamba nitapata siku nzuri ya kuzipatanisha nyumba zao. Nilijiona mwenye hekima. Siku nzuri haikufika. Kijana aliondoka kutafuta kazi mbali, asirudi, na binti aliacha shule akiwa mjamzito. Baba yake alinijia, akaketi, akaniuliza neno moja tu: "Mchungaji, ulijua?" Nikajibu kwamba nilijua. Hakunitukana. Alichukua kofia yake, akaondoka.

Sisemi kwamba siri ya ungamo ivunjwe. Siri ya ungamo ni ya mwenye dhambi mbele za Mungu, na mchungaji hana ruhusa ya kuitoa. Lakini iko tofauti kati ya kuitunza siri ya mtu na kuwa mshiriki wa mpango wake. Ningaliweza kuwaambia wale wawili, "Nitatembea nanyi mpaka kwa wazazi wenu, kesho asubuhi, na nitasimama kando yenu." Hilo nalo ni kuwatunza.

Hitimisho

Mithali 19:2 inatufundisha kwamba anayekwenda kwa haraka hukosa njia. Mara nyingi tumelitumia fundisho hilo kama fimbo ya kuwachapa vijana. Tamthilia hii inatutaka tuelekeze fimbo upande wetu.

Mwisho wake una fundisho kubwa. Mbele ya Mtawala wa Verona na mbele ya wazazi wote, Padre Laurence anasimama na kueleza kila kitu: ndoa, dawa, barua, na kosa lake, akiwa tayari kufa kwa ajili yake. Mtawala naye anakiri kwamba aliufumbia macho ugomvi ule. Baada ya kuisikia kweli yote, Capulet anamwomba Montague mkono wake, na nyumba mbili zinapatana. Yaani upatanisho ambao Padre aliutafuta kwa siri ulipatikana siku aliposema kweli hadharani. Ukweli ule ule ulikuwa mikononi mwake tangu Jumatatu mchana. Uliposemwa Alhamisi, waliobaki kupatana walikuwa wazee tu.

Natamani kurudi Magindu nimpe mzee yule jibu lake. Mjomba hakuitwa, mzee wangu. Aliyepaswa kumwita alikuwa mchungaji, naye aliona ni upesi zaidi kufanya peke yake.